Jinsi ya Kukitumia Cheo cha Kamisaa Bila Kukichanganya na cha Kamishna

Mtu anayesoma habari za Mapinduzi ya Urusi akiwa Kisumu, Nakuru au Kakamega hukutana na cheo cha kamisaa (commissar kwa Kiingereza) akiwa tayari na sura ya ofisa mwingine akilini, naye ni kamishna. Miji hii mitatu ilikuwa makao ya wakuu wa mikoa ya Nyanza, Bonde la Ufa na Magharibi, na siku hizi kila mmoja una kamishna wa kaunti ambaye wananchi humwona kwenye sherehe za Madaraka, kwenye mikutano ya usalama na wakati mito inapovunja kingo zake. Ndiyo maana mwanafunzi, mtangazaji au mfasiri huandika "kamishna" pale ambapo habari inamhusu kamisaa, na msomaji akabaki akimwona Trotsky wa Urusi au Deng Xiaoping wa China kama ofisa wa utawala aliyevaa sare ya khaki huku machifu wakimfuata nyuma.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa Historia, wahariri wa redio za mashinani, wafasiri na wanafunzi wa vyuo vikuu ambao hulazimika kukiandika cheo hiki katika Kiswahili sanifu na kukieleza kwa watu ambao hawajawahi kukisikia.

Uliza kwanza alitumwa na nani

Kamishna wa kaunti ndiye mwenye ofisi yake. Serikali kuu imemkabidhi eneo, yeye huwaamuru manaibu wake, nao huwaamuru walio chini yao mpaka kwa chifu na naibu wa chifu, na hakuna mtu mwingine anayekaa kando ya meza yake ili aidhinishe anachokiandika. Kamisaa wa jeshi hupewa meza iliyo kando ya meza ya mwenzake. Kamanda wa kikosi ndiye anayeijua vita, ilhali kamisaa ametumwa na chama ahakikishe kwamba ujuzi huo unakitumikia chama, na katika miaka ya mwanzo ya Jeshi Jekundu, yaani jeshi la wakomunisti wa Urusi, amri ya kamanda haikuhesabiwa kuwa halali mpaka kamisaa aitie saini. Aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama cha akiba atauelewa mpango huu upesi, kwa kuwa hundi ya chama haipokelewi benki ikiwa na saini moja. Tofauti ni kwamba hapa mtia saini wa pili hakuchaguliwa na wanachama, ametoka makao makuu na huko ndiko anakowajibika.

Kwa hiyo, unapokutana na cheo hiki katika maandishi, usianze kwa kuuliza mtu huyo alifanya kazi gani, kwa maana utapata majibu mengi yanayopingana: mmoja aliongoza wizara, mwingine aliwafundisha askari kusoma, wa tatu alikuwa jasusi mkuu. Uliza alitumwa na nani, alisimama kando ya nani, na saini yake iliweza kuzuia jambo gani. Ukishapata majibu hayo, utajua kama unayemwandikia habari ni kamisaa wa kweli au ni ofisa mwingine aliyebeba jina linalofanana.

Inafaa pia kufahamu kwamba cheo chenyewe ni cha zamani kuliko ukomunisti, na kwamba asili yake ni Ufaransa. Serikali za mapinduzi za huko, mwishoni mwa karne ya 18, zilituma wajumbe wenye mamlaka makubwa kwenda vitani kuwasimamia majenerali ambao hazikuwaamini, na hadi leo ofisa wa ngazi fulani katika polisi wa Ufaransa huitwa commissaire bila mtu yeyote kumdhania kuwa mfuasi wa Marx. Huko Urusi kwenyewe, serikali ya muda iliyochukua madaraka baada ya mfalme kuanguka mwaka 1917 ilikuwa tayari imetuma makamisaa wake jeshini kabla Lenin hajaipindua. Usiandike, basi, kwamba Wabolsheviki, yaani chama cha kikomunisti cha Lenin, ndio waliokibuni cheo hiki. Walikichukua kikiwa kinatumika, wakakipa mamlaka ambayo hakikuwa nayo kabla.

Makamisaa wa aina mbili

Kosa linalofuata kwa wingi ni kudhani kwamba kila kamisaa wa Kisovieti alikuwa mwanajeshi. Kulikuwa na ofisi mbili zilizotofautiana kabisa, na mwandishi akishindwa kuzitenganisha aya nzima huharibika.

Ofisi ya kwanza ilikuwa ya uwaziri. Tarehe 8 Novemba 1917, kwa kalenda tunayoitumia sasa, Wabolsheviki waliunda serikali wakaiita Baraza la Makamisaa wa Umma. Trotsky alieleza baadaye kwamba yeye ndiye aliyelipendekeza jina hilo na kwamba Lenin alilifurahia, kwa sababu hawakutaka kuitwa mawaziri kama wale waliotoka kuwaondoa. Lenin alikuwa mwenyekiti wa baraza hilo. Trotsky alipewa mambo ya nje, Stalin akapewa mambo ya mataifa madogo yaliyokuwa ndani ya Urusi, Lunacharsky akapewa elimu, naye Aleksandra Kollontai akapewa ustawi wa jamii. Hawa hawakukaa kando ya mtu yeyote. Kila mmoja alikuwa na wizara yake, ingawa wizara hiyo iliitwa kamisarieti.

Jina hili la uwaziri lilikoma tarehe 15 Machi 1946, siku ambayo makamisaa wote wa umma waligeuzwa kuwa mawaziri na baraza lao likawa Baraza la Mawaziri. Kanuni ya kuifuata hapa ni nyepesi: tazama mwaka. Molotov alipotia saini mkataba na Ujerumani mnamo Agosti 1939 alikuwa Kamisaa wa Umma wa Mambo ya Nje. Mtu yuleyule, katika ofisi ileile, mwaka 1947 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Ukimwita waziri mwaka 1939 msomaji wa kawaida hatakulaumu sana, lakini ukimwita kamisaa mwaka 1947 umekosea tarehe ya serikali nzima. Kanuni hiyohiyo inalihusu shirika la usalama la NKVD lililoogopwa sana miaka ya 1930. Herufi ya K katika jina lake inasimamia kamisarieti, kwa hiyo Yezhov na Beria waliliongoza wakiwa makamisaa wa umma wa mambo ya ndani.

Wapo wanaoandika "Kamisaa wa Watu". Mimi hulikwepa jina hilo, kwa kuwa katika masikio yetu "wa watu" lina kazi nyingine: mke wa watu ni wa mwenyewe na usimguse, na mtoto wa watu ni wa kuonewa huruma. Kamisaa wa watu angesikika kama mtu aliyepotelewa na nauli pale stendi. "Umma" ni neno lililozoeleka katika lugha ya siasa za Afrika Mashariki, na linabeba maana iliyokusudiwa bila kuchekesha.

Ofisi ya pili, ambayo ndiyo iliyokipa cheo hiki umaarufu, ilikuwa ya jeshini, nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu. Trotsky alipokabidhiwa mambo ya vita mnamo Machi 1918, alilikuta jeshi jipya lenye wafanyakazi na wakulima wengi lakini likiwa na upungufu mkubwa wa watu waliojua kuongoza mapigano. Aliwaita maofisa wa jeshi la zamani la mfalme, na katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe waliingia kwa makumi ya maelfu, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa. Chama kiliuhitaji ujuzi wao lakini hakikuwaamini, hivyo kikamweka kamisaa kando ya kila mmoja mwenye nafasi kubwa. Kazi ya kamisaa ilikuwa kutia saini amri pamoja naye na kumchunga asije akahamia upande wa adui. Lakini saa nyingi za siku yake zilipitia kwa askari wenyewe, akiwasomea magazeti, akiwafundisha kusoma wasiojua, akiwaeleza sababu ya vita, na kufuatilia kama wamepata viatu na chakula. Dmitry Furmanov, ambaye baadaye alikuwa mwandishi, alitumwa mwaka 1919 kuwa kamisaa wa divisheni ya 25 iliyoongozwa na Chapayev, mtoto wa mkulima aliyekuwa hodari vitani na asiyependa kuelekezwa, na uhusiano wa wawili hao, uliojaa heshima na mvutano, ndio mfano ninaoupendekeza kwa mwalimu anayetaka darasa lione saini mbili zilivyofanya kazi.

Wasomaji wengi hudhani kwamba mpango huu ulidumu muda wote wa Muungano wa Kisovieti. Haukudumu. Kuanzia mwaka 1925, baada ya chama kuanza kupata makamanda wake chenyewe, amri ilirudishwa hatua kwa hatua mikononi mwa mtu mmoja. Mwaka 1937, Stalin alipokuwa akiwaangamiza majenerali wake, makamisaa walirudi na saini zao. Mwaka 1940, baada ya vita vigumu dhidi ya Finland, wakaondolewa. Julai 1941, wiki chache baada ya Ujerumani kuvamia, wakarudishwa tena. Na tarehe 9 Oktoba 1942, mapigano ya Stalingrad yakiwa yamepamba moto, cheo kikafutwa moja kwa moja. Ukizipanga tarehe hizo utaona kwamba kamisaa aliitwa kila chama kilipoingiwa na shaka juu ya maofisa, na akaondolewa kila ilipobainika kwamba vita havingojei watu wawili wakubaliane.

Aliyemrithi ni naibu kamanda wa mambo ya siasa, ambaye Warusi humwita zampoliti. Yeye alikuwa chini ya kamanda na hakuwa na saini ya kuzuia amri. Kwa hiyo, makala inayosema kwamba kikosi cha Kisovieti kilichokuwa Afghanistan miaka ya 1980 kilikuwa na kamisaa haijasema kweli, hata kama askari wenyewe waliendelea kulitumia jina la zamani kwa mazoea.

Ngazi nazo huchanganywa. Katika kombania, ofisa wa siasa hakuitwa kamisaa, aliitwa politruki. Kamisaa alianzia juu ya hapo, kwenye batalioni na rejimenti. Kule juu kabisa, kwenye jeshi zima au eneo zima la vita, mtu wa chama aliitwa mjumbe wa Baraza la Kijeshi, na hicho ndicho kilichokuwa cheo cha Khrushchev, aliyekuja kuwa kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, huko Stalingrad, ingawa vitabu vingi humwita kamisaa kwa kufupisha.

Jambo lingine la kuangalia ni filamu. Zimetuzoesha kumwona kamisaa kama mtu mwenye bastola anayesimama nyuma ya askari na kuwapiga risasi wanaorudi nyuma. Kamisaa aliweza kuwa mkali, na wako waliowapeleka watu kwenye adhabu ya kifo, lakini upelelezi ndani ya jeshi ulikuwa wa idara maalumu za usalama zilizokuwa na wakubwa wao. Ukimfanya kamisaa kuwa polisi wa siri, utashindwa kueleza kwa nini Wajerumani walimtenga na mateka wengine. Amri iliyotolewa na makao makuu ya jeshi la Ujerumani tarehe 6 Juni 1941 iliagiza kwamba makamisaa wa siasa wakikamatwa wauawe papo hapo, na ikaeleza kwamba watatambuliwa kwa nyota nyekundu yenye nyundo na mundu kwenye mkono wa koti. Waliuawa kwa sababu ya imani waliyoonekana kuibeba na uwezo wa kuieneza kwa askari wengine, jambo ambalo linakieleza cheo hiki kwa ukatili kuliko ufafanuzi wowote wa kamusi.

Nchi nyingine, na majirani zetu

China ilikichukua cheo cha jeshini na haijakiacha. Deng Xiaoping alikuwa kamisaa wa siasa wa divisheni ya 129 katika vita dhidi ya Japani, huku Liu Bocheng akiwa kamanda, na wawili hao walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi kiasi kwamba majina yao hutajwa kwa pamoja. Hadi leo vikosi vikubwa vya jeshi la China vina kamanda na kamisaa wenye hadhi sawa. Hapa unaweza kuandika "kamisaa" bila kutazama mwaka.

Barani Afrika mambo yanataka uangalifu zaidi, kwa sababu vyama vya ukombozi vilikichukua cheo na kila kimoja kikakishona kwa kipimo chake. Katika Frelimo ya Msumbiji, Armando Guebuza, aliyekuja kuwa rais, aliwahi kuwa kamisaa wa siasa. Nchini Zimbabwe, chama cha ZANU-PF kina kamisaa wa siasa mpaka sasa, lakini yeye ni ofisa wa chama anayeshughulikia uhamasishaji na uandikishaji wa wanachama, wala hakai kando ya jenerali. Angola baada ya uhuru wa mwaka 1975 iliwaita wakuu wa mikoa makamisaa wa mkoa. Hao ndio waliokaribiana mno na makamishna wetu, na katika makala inayowahusu ningeeleza kwa sentensi moja kwamba walifanya kazi ya mkuu wa mkoa.

Msomaji aliye Busia au Malaba ana mfano ng'ambo tu ya mpaka. Jeshi la Uganda lina kamisaa mkuu wa siasa, ofisi iliyotokana na vita vya msituni vya NRA, jeshi la waasi la Museveni, na Kizza Besigye aliwahi kuwa kamisaa wa siasa wa taifa kabla ya kuwa mpinzani wa Museveni. Wakati huohuo kila wilaya ya Uganda ina mwakilishi wa rais anayejulikana kwa herufi za RDC, naye ni kamishna mkazi wa wilaya. Habari moja kutoka Uganda inaweza kuwataja wote wawili, na mtangazaji wa Kisumu akiwaita wote kwa jina moja wasikilizaji wake hawatajua ni nani aliyesema nini.

Tanzania inatupa msaada na pia mtego. Msaada ni kwamba Jeshi la Wananchi lilikuwa na makamisaa wa siasa katika enzi za chama kimoja, na Jakaya Kikwete aliwahi kuwa mmoja wao katika chuo cha kijeshi cha Monduli, hivyo neno lilikwishapata makao katika Kiswahili muda mrefu uliopita na hakuna haja ya kubuni lingine. Mtego ni kwamba katika sensa ya mwaka 2022 Anne Makinda, spika wa zamani wa Bunge, alikuwa Kamisaa wa Sensa, cheo cha heshima na cha kiserikali kisichohusiana na Lenin hata chembe. Mwanafunzi akileta mfano huo darasani, asikemewe. Aulizwe alitumwa na nani na kando ya nani, naye ataona mwenyewe kwamba majibu ni tofauti.

Kenya haikuwahi kuwa na cheo hiki jeshini. Taasisi ya Lumumba, iliyofunguliwa karibu na Nairobi mnamo Desemba 1964 kwa kuungwa mkono na Jaramogi Oginga Odinga na kufungwa mwaka uliofuata, ilikusudiwa kuwafunza watendaji wa KANU, na walimu wengine walitoka Muungano wa Kisovieti. Waliopita pale wakiitwa makamisaa itakuwa ni kuwapa mamlaka ambayo hawakuwahi kuyashika. Neno linalowafaa ni makada, yaani watu waliofunzwa na chama ili wakitumikie. Kila kamisaa alitakiwa kuwa kada, ila makada wengi hawakuwahi kuwa makamisaa.

Kuandika na kutamka

Wingi wake ni makamisaa, na upatanisho ni wa watu: kamisaa amefika, makamisaa wamefika. Ofisi au hali ya kushika cheo hicho ni ukamisaa. Tumia herufi kubwa pale cheo kinapotangulia jina la mtu au kinapotaja ofisi kamili, kama vile Kamisaa Furmanov au Kamisaa wa Umma wa Elimu, na herufi ndogo kwingineko. Usiandike "komisa" au "komisari" ila unaponukuu maandishi ya mwingine.

Katika mazungumzo yaliyotafsiriwa, usimwite kamisaa "mheshimiwa", ingawa mazoea yetu ya kumwongezea kila mwenye ofisi heshima hiyo yatakusukuma kufanya hivyo. Serikali ya Lenin ilifuta mwaka huohuo wa 1917 majina ya heshima ya kitabaka, na askari alimwambia kamisaa wake "komredi". Kwa msomaji wa Kenya neno hilo linatosha, kwa kuwa wanafunzi wa Maseno na Egerton huitana hivyo kila siku. Kwa maandishi yanayokwenda Tanzania, "ndugu" lina mizizi zaidi.

Kumwita mwanasiasa wa leo kamisaa kwa kejeli, kwa sababu tu anawasimamia wenzake chamani kwa ukali, kunaruhusiwa katika safu ya maoni lakini hakufai katika habari. Hata katika maoni, mwandishi ajiulize kama msomaji wake anajua kejeli iko wapi. Mjini Kisumu, ambako wenyeji wengi wakisema "Russia" humaanisha hospitali ya rufaa iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, mzaha unaotegemea ujuzi wa Jeshi Jekundu utapita bila kumchekesha mtu.

Mwisho kabisa, habari za vita vya Ukraine hutaja kamisarieti za kijeshi za Urusi na makamisaa wanaoziongoza, na wahariri wengi hudhani kwamba makamisaa wa Stalin wamefufuka. Hizo ni ofisi za kuandikisha wanajeshi, zinazotunza orodha za wanaoweza kuitwa jeshini na kuwapelekea hati za wito. Hazina mtu wa chama wala saini ya pili. Andika "ofisi ya kuandikisha wanajeshi" na "mkuu wa ofisi ya kuandikisha wanajeshi", na kama ni lazima jina rasmi litajwe, litaje mara moja kisha urudi kwenye maneno hayo.